Mahudhurio ya darasa la mkia

Banda la sinema ni la mabati, liko Katumba, hatua chache kutoka reli iendayo Mpanda. Benchi nne, televisheni moja, betri ya sola, na kijana anayetafsiri kwa mdomo. Sinema nyingi za ngumi na za Kihindi humfikia zimeshaingizwa sauti ya mtu mwingine, maana kazi hiyo ina wenyewe, kuanzia marehemu Lufufu hadi DJ Afro wa Kenya. Katuni za Kijapani humjia na maandishi ya Kiingereza yanayokimbia chini ya kioo, kwa hiyo hapo hana pa kujificha. Jioni niliyoingia alikuwa anaanza Assassination Classroom, ile ya wanafunzi wanaofundishwa kuua.

Mwalimu anaingia darasani. Ni pweza wa manjano aliyevaa joho na kofia ya mahafali, na kicheko chake hakimtoki usoni. Wanafunzi wanasimama kumwamkia, na badala ya salamu wanamfyatulia bunduki zote kwa pamoja. Yeye anakwepa huku anaita mahudhurio. Anawaomba wapaze sauti, kwa kelele zile hawasikii vizuri. Wanaitika “Hai!” na kijana wa banda anatafsiri: “Nipo! Nipo!” Risasi za plastiki zinaisha na kutapakaa sakafuni, na mwalimu anafurahi kwelikweli kwamba leo hakuna aliyechelewa.

Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi kwenye simu, kama mtu anavyochunguza kiti kilichotengenezwa bila msumari ajue kimeshikana vipi. Hakuna aliyesimama kutueleza chochote, lakini tumeshajua kwamba mwalimu ana kasi isiyo ya kawaida (mara 20 ya kasi ya sauti), kwamba watoto wamezoea kumlenga, na kwamba kati ya risasi na daftari la mahudhurio, kinachomshughulisha yeye ni daftari. Habari nyingine zinakuja baadaye, polepole: anadai ndiye aliyeumega mwezi ukabaki kipande, ameahidi kuilipua dunia ifikapo Machi, mwezi wa mahafali kule Japani, na kabla ya hapo ameomba jambo moja tu, kulifundisha darasa la 3-E. Serikali inatoa yeni bilioni 10 kwa atakayemuua. Watoto wanamwita Koro-sensei, jina lililofumwa kwa “korosenai”, yaani asiyeweza kuuawa, na “sensei”, mwalimu.

3-E ndilo darasa la mkia. Liko mlimani, kwenye jengo bovu la mbao, mbali na shule kubwa, na mkuu wa shule, Asano, amelitenga makusudi ili wengine wasome kwa kuogopa kupelekwa huko. Huyu ndiye adui bora kabisa wa hadithi nzima, na hana silaha yoyote. Yeyote aliyewahi kusimama mbele ya ubao wa matangazo akitafuta jina lake kuanzia chini kwenda juu hahitaji kutafsiriwa.

Yusei Matsui aliichora hadithi hii kuanzia mwaka 2012 na kuikamilisha Machi 2016, mwezi uleule wa mahafali. Mwongozaji Seiji Kishi na studio ya Lerche wakaifanya katuni ya sehemu 47, mwaka 2015 na 2016. Walichokielewa wote ni kwamba kumvizia mtu kunadai kumjua. Nagisa, kijana mpole mwenye umbo dogo, ana daftari la udhaifu wa mwalimu, na humo anaandika hata visivyo na maana. Mwalimu naye anawasoma wao hivyohivyo, mmoja mmoja, na kumwandalia kila mtoto maswali yanayolingana na anapokwama.

Kuna mkufunzi katili, Takaoka, anayewapiga watoto na kuwapa masharti: mmoja wao ajaribu kumgusa kwa kisu halisi. Anachaguliwa Nagisa. Katuni nyingine ingemrusha hewani huku muziki unavuma. Huyu anatembea. Anatembea kama anayekwenda dukani, anatabasamu, mpaka anagusana na lile jitu, na hapo ndipo kisu kinanyanyuka. Takaoka anarudi nyuma kwa hofu, anavutwa nguo, anaanguka, na mgongo wa kisu unatulia shingoni. Bandani walinyamaza kwanza, kelele zikaja baadaye.

Ina kasoro, na si ndogo. Wanafunzi ni zaidi ya 25, na wengi wanabaki nywele na jina tu. Irina, mwalimu wa Kiingereza ambaye mwenyewe ni muuaji wa kukodiwa, anafanyiwa mzaha wa kifua chake hadi unachosha. Palipokuwa na watoto wadogo nilishukuru kijana alipoamua kutotafsiri. Na kuelekea mwisho wanaletwa mwanasayansi mwenye kisasi na dude linalonguruma, kana kwamba mtu aliogopa kwamba bila ngumi kubwa tungeondoka. Asano alitosha. Kila hadithi hii inapokosa subira, inakuwa kama nyingine.

Lakini inarudi. Katika tukio la mwisho kabisa, la kumuua, watoto wamemshika mwalimu wao mikono yote, yeye mwenyewe ametaka iwe hivyo, na anaomba aite mahudhurio mara moja ya mwisho. Risasi hazipo safari hii. Jina, kimya kidogo, jibu. Katumba nako ni mahali palipoanza kwa orodha za majina, ya watu waliokimbia Burundi mwaka 1972, na wapo wazee waliosubiri hadi 2014 kuitwa wachukue vyeti vya uraia wa Tanzania. Mmoja wao alikuwa benchi ya nyuma, amekuja kumfuata mjukuu, akaketi.

Kijana wa banda aliacha kutafsiri. Majina yakaendelea, na baada ya kila jina sauti ya mtoto anayelia: “Hai.” “Hai.”

“Anko,” mtoto wa mbele akauliza, “wanasema wako hai?”

Kijana hakumjibu. Majina yalikuwa bado yanaitwa.