Thomas Mapfumo: mbira iliyosema kweli

Wanafunzi wetu wanatuuliza: « Mwalimu, likembe ya wazee itatusaidia nini? » Tunawajibu kwa mfano wa Thomas Mapfumo wa Zimbabwe, mzaliwa wa mwaka 1945.

Mwanzoni aliimba nyimbo za ng'ambo, kama vijana wengi wa mjini. Katika miaka ya 1970, wakati wa vita vya kupinga utawala wa Ian Smith, akarudilia Kishona na mbira, ndugu ya likembe yetu. Wapiga gitaa wake, kama Jonah Sithole, walizuia nyuzi kwa kiganja ili zilie sawa vyuma vya mbira. Maneno yalikuwa ya mafumbo: askari alisikia ngoma tu, mwanakijiji alisikia vita. Mwishowe serikali ikafahamu, ikamfunga bila kumhukumu.

Uhuru ukafika mwaka 1980. Wengine wangebaki kusifu tu. Yeye, mwaka 1989, akatoa wimbo « Corruption », ukawachoma wakubwa wapya. Baadaye akahamia Marekani.

Hapo ndipo tunamheshimu zaidi. Kumkemea adui ni rahisi. Kumkemea ndugu anayekula peke yake, ile ni nguvu. Vijana, likembe ya wazee musiitupe: bado iko na kazi.