Deni la Harry Dresden

Mashabiki wa The Dresden Files wana jibu moja kwa kila mtu anayelalamika: vumilia, utamu unaanza kitabu cha tatu. Kwangu huo si utetezi. Vitabu viwili ni pesa na ni wikendi mbili. Niliviacha Storm Front (2000) na Fool Moon (2001) zamani, na hata baada ya kuvirudia mwaka huu, bado naona nilikuwa na haki.

Harry ni mchawi anayejitangaza kwenye kitabu cha simu cha Chicago, kama waganga wetu wanavyobandika mabango kwenye nguzo za stima, ila yeye kazi ya dawa za mapenzi anaikataa palepale kwenye tangazo. Hapo nacheka. Halafu anaingia mwanamke, na kabla hajasema neno tushaelezwa miguu na kifua chake. Luteni Karrin Murphy, polisi anayempa Harry kazi, anafichwa habari za kesi yake mwenyewe, eti kwa usalama wake. Jim Butcher ana kasi na utani wake unashika, lakini kesi ikiisha, imeisha. Unafunga kitabu na hakuna kinachokuuma.

Grave Peril (2001) ndiyo inavunja mtindo huo. Susan Rodriguez, ripota na mpenzi wa Harry, anaingia karamu ya mavampaya kwa mwaliko bandia na kuishia nusu mtu, nusu vampaya. Harry anajibu kwa moto na mizimu. Vita kati ya wachawi na mavampaya wa Red Court vinaanzia hapo, na havimaliziki hadi Changes (2010). Kitabu baada ya kitabu, watu wanalipia usiku ule mmoja.

Hapo ndipo nikanaswa. Katika stori nyingi za aina hii shujaa hupigwa leo, kesho yuko poa. Harry anaungua mkono wa kushoto katika Blood Rites (2004), na katika Dead Beat (2005) bado amevaa glavu, bado vidole havimtii. Na Dead Beat yenyewe ni noma: sheria za wachawi zinakataza kufufua maiti za watu, kwa hivyo Harry anamfufua Sue, yule T. rex ambaye mifupa yake iko kweli Field Museum, na kumpanda barabarani huku daktari wa mochari akimpigia ngoma. Ni kichekesho, lakini kinashika kwa sababu tunajua sheria na tunajua adhabu ya kuivunja.

Kama hutaki kujua mwisho, ruka aya hii. Deni ni la Harry, sawa. Lakini angalia nani hulipa. Katika Changes, Susan anafia juu ya madhabahu kule Chichén Itzá, kwa mkono wa Harry, ili binti yao apone. Katika Battle Ground (2020), Murphy anapigwa risasi na polisi mwenzake wa zamani. Butcher aliacha kuwatazama wanawake hawa kama mapambo, akawapa akili, hasira na kazi zao, kisha akawaua ili Harry ahuzunike vizuri. Hilo ni tatizo la kitabu cha kwanza limerudi na nguo nzuri zaidi.

Bado nasema soma. Anza na Grave Peril. Viwili vya mwanzo utavirudia ukipenda. Msururu unaokumbuka makosa ya shujaa wake kwa miaka kumi ni nadra. Lakini mtu akikwambia Harry amepoteza kila kitu, muulize Susan amebaki na nini.