Besi Wanapojibu

Mwalimu mzuri wa kwaya huku Nyamira husimamisha wimbo kwa sababu ya vokali moja. Katika Ekegusii, lugha ya Wakisii, "bora" ni kukosa, na "boora" ni kusema. Vokali ikivutwa kidogo tu, maana imegeuka. Tena lugha hii ina vokali saba lakini huandikwa kwa herufi tano, na sauti ikipanda au kushuka mahali pasipo pake, neno hubadilika au hupotea. Mtunzi asiyeisikiliza atapata tuni tamu ambayo bibi wa Ekerenyo ataipigia makofi bila kujua imesema nini.

Napenda kuketi benchi la nyuma wakati wa mazoezi. Ubao una herufi za noti, d, r, m, zile zile zilizoenea kupitia makanisa na shule za wamisionari, Wakatoliki wakiwa Nyabururu na Waadventista Nyanchwa. Soprano wanafundishwa mstari wao peke yao, kisha alto, kisha teno. Besi huachwa mwisho, na wao ndio ninaowangoja. Wakisii walikuwa na obokano, kinubi kikubwa cha nyuzi nane chenye mvumo unaotetemeka, muda mrefu kabla ya kinanda cha kanisani. Besi wa kwaya ya Kisii wakivuma chini vile, mimi husikia obokano.

Wimbo mmoja niliousikia ukijengwa hivyo ulihusu ukeketaji. Sheria ya kuupiga marufuku ni ya 2011. Miaka mitatu baadaye, utafiti wa kitaifa wa afya ulikuta asilimia 84 ya wanawake wa Kikisii wamekeketwa, wakati Kenya nzima ilikuwa asilimia 21. Wasichana wengi hukatwa na wahudumu wa afya, kwa glavu na sindano ya ganzi, kana kwamba usafi wa wembe ndio uliokuwa tatizo. Takwimu hizo zimesomwa katika mikutano mingi. Kinachomshinda msomaji wa takwimu ni neno moja dogo: egesagane, msichana asiyekeketwa. Neno hilo ni tusi, na aibu yake imetembea kijijini kwa nyimbo. Msichana aliyeimbiwa aibu hajibiwi kwa hotuba.

Mtunzi alilijua hilo. Aliacha mapigo ya ngoma ya nyimbo hizo za zamani yabaki, akaacha mtindo wa mmoja kuita na wengi kuitikia, akabadilisha maneno. Si ufundi mgeni kwetu. Wimbo wa taifa tulioupata 1963 ulichukua tuni ya bembelezi la Wapokomo, ukaipa sala ya nchi nzima. Ugumu wa kazi hii ni kwamba mguu wa msikilizaji unaukumbuka wimbo wa zamani kabla sikio halijasikia mpya, kwa hiyo maneno mapya lazima yakae sawasawa juu ya mapigo yale, silabi kwa silabi. Yakipwaya, mguu utarudi ulikotoka.

Kisha kuna namna alivyogawa sauti. Msichana alipewa soprano mmoja, mwembamba, bila ngoma. Alto walikuwa shangazi na bibi: wanambembeleza, wanamwonya, wanamtajia ndoa. Teno waliingia kama majirani. Besi hawakuimba kitu. Ubeti wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, wanaume wamesimama mstari wa nyuma na midomo imefungwa, mpaka ukimya wao ukaanza kutusumbua sisi tuliokaa. Mwito wa tatu ulipokuja wakajibu, wote kwa pamoja, noti ya chini kabisa: huyu ni binti yetu, hakatwi. Mwalimu aliwarudisha kwenye mstari huo zaidi ya mara kumi. Hakuwa akitafuta sauti kubwa zaidi. Alitaka waseme "yetu" bila kuimeza.

Katika Tamasha la Muziki la Kenya nimesikia nyimbo nyingi za haki ambazo ni hotuba zilizovalishwa tuni. Kila mstari unaagiza: tuache, tupinge, tuungane. Ule wa Nyamira haukuagiza lolote. Ulimweka baba mahali ambapo lazima ajibu.

Ufundi huo unahitajika penye jeraha jingine pia. Mei 2008 watu 11, wengi wao wazee, waliteketezwa kijijini Nyakeo kwa tuhuma za uchawi. Oktoba 2021 akina mama wanne wazee waliuawa Marani kwa tuhuma hizo hizo. Umati ulioua ulikuwa na sauti moja. Kwaya ina sauti nne, na teno asiyemsikiliza alto hupotea. Natamani mtunzi mwingine achukue kazi hiyo, ampe bibi kizee mstari wake wa kuimba akiwa hai.

Msimu wa kukeketa huja na likizo ya Novemba na Desemba, na ndio msimu ambao kwaya hualikwa kwenye mikutano ya kuupinga ukeketaji. Huwa naona ratiba zinavyokwenda: wageni wanazungumza kwa muda wa saa tatu, kwaya inaombwa ubeti mmoja kwa sababu muda umekwisha. Ninyi mnaopanga mikutano hiyo Kisii na Nyamira, tafadhali, mwaka huu waacheni waimbe mpaka ubeti wa tatu. Besi hujibu hapo.