Neno «Tafakuri» na Mafundisho ya Kibudha: Mtihani wa Fizi na Baraka

Katika maandishi ya Kiswahili yanayougusa Ubudha, neno litumikalo aghalabu kuitaja kazi ya kuketi kimya na kuilea nafsi ni tafakuri, pamoja na kitenzi chake kutafakari. Neno hili limezoeleka kiasi cha kutohojiwa. Hata hivyo, likichunguzwa huonekana kuwa limekwisha kukata shauri ambalo Wabudha wenyewe wamelibishania kwa zaidi ya miaka elfu moja: je, anayeketi afikiri, au aache kufikiri?

Mapokeo ya Tibet yanasimulia kuwa mwishoni mwa karne ya 8, katika nyumba ya watawa ya Samye, mtawa wa Kichina Moheyan alikabiliana na Kamalashila, mwanazuoni kutoka India. Moheyan alikuwa wa mkondo ule ambao baadaye, nchini Japani, uliitwa Zen. Alifundisha kuwa fikra zote, njema kwa mbaya, ni pazia, na hazina budi kuachwa. Kamalashila alishikilia kuwa hekima haipatikani ila kwa uchunguzi wa hatua kwa hatua. Mapokeo hayo yanampa ushindi Kamalashila. Mfasiri wa Kiswahili aandikaye tafakuri kila mahali humpa ushindi huohuo, pengine bila kujua kuwa palikuwa na kesi.

Tofauti hiyo hudhihirika zaidi katika namna ya kufundisha. Dogen (1200–1253), aliyerejea Japani kutoka China mwaka 1227 na ambaye madhehebu ya Soto humhesabu kuwa mwasisi wake, katika mwongozo wake hushughulikia mahali, mkeka, miguu na uti wa mgongo. Kwake kuketi kwenyewe ndiko mazoezi na ndiko matunda yake. Katika Rinzai mwalimu humpa mwanafunzi koani, yaani fumbo lisilojibika kwa hoja, mfano sauti ya mkono mmoja iliyohusishwa na Hakuin, kisha humwita faraghani mara kwa mara kulipima jibu. Huko Burma, Mahasi Sayadaw (1904–1982) alifundisha kulitia jina kila linalotukia: tumbo linapanda, tumbo linashuka, sauti inasikika. S. N. Goenka (1924–2013) aliweka kozi za siku 10 za ukimya, ambamo mwanafunzi huanza na pumzi puani, kisha huipitisha nadhari mwili mzima. Ama katika Tibet ya Tsongkhapa (1357–1419), mwanafunzi huchukua hoja, kwa mfano ile ya kifo, huipima kwa dalili, hata moyo ukinaike.

Katika njia hizi tano, ni ya mwisho tu inayostahili kuitwa tafakuri bila kupotosha. Katika koani, hoja ndiyo hasa inayovunjwa. Katika nyingine, fikra ni mgeni apitaye: haalikwi wala hafukuzwi. Kuziita zote kwa jina moja ni sawa na kuita kuogelea, kuvua na kupiga kasia «kwenda ziwani». Si uongo, lakini hakumfundishi mtu chochote.

Uzito wa jambo hili hauishii katika kamusi. Fizi na Baraka, katika Kivu Kusini, ni mahali panapofaa kulipimia neno. Huko, kando ya Ziwa Tanganyika, Kiswahili kinaishi bega kwa bega na Kibembe. Vita vilivyoanza mwaka 1996, na vile vya 1998 hadi 2003, viliwavusha watu wengi wa upande huo hadi Tanzania, ambako kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma ilifunguliwa mwaka 1996. Katika Kiswahili, cha bara na cha pwani, mtu aliyeelemewa na aliyoyaona husemwa kuwa «ana mawazo»; halali kwa sababu ya mawazo. Kuwaza hapo ni jina la maradhi. Mtu huyo akiambiwa aketi peke yake atafakari, anaagizwa arudi palepale anapotafuta kutoka. Kosa la mfasiri limekwisha kuwa kosa la mwalimu.

Yaweza kujibiwa kuwa maana ya neno hupanuka kwa matumizi, na kwamba tafakuri itazoea kazi mpya. Jibu hilo lina ukweli, ila linasahau utaratibu wa kujifunza. Mwanafunzi husikia kitenzi kabla hajasikia falsafa, na katika saa ya kwanza hutenda kile kitenzi kinachomwamuru.

Wala lugha haikupungukiwa. Samatha ni utulivu, na mtu wa Baraka alisemaye ziwa kuwa limetulia anayo picha kamili ya dhana hiyo: maji yangalipo, upepo ndio ulioondoka. Vipasana ni kuona kwa uwazi. Bhavana ni kukuza, neno asilohitaji kufafanuliwa mkulima wa mihogo wa Fizi. Zazeni, kwa asili yake, ni kukaa. Sati, ambayo ni nguzo ya mafundisho ya Theravada, asili yake ni kukumbuka. Na hapo Kiswahili kina neno la kale, zikiri, ambalo kwa Kiarabu nalo ni ukumbusho.

Zikiri si ngeni kwa historia ya bara hili. Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya (alifariki 1931), aliyekuwa kiongozi mkubwa wa Qadiriyya Bagamoyo, alizaliwa Manyema, upande unaopakana na Fizi kwa magharibi, akafikishwa pwani utotoni akiwa mtumwa. Katika tarika hiyo mwanafunzi hufundishwa kwa pumzi, sauti na mwendo wa mwili chini ya uangalizi wa khalifa, si kwa kuachiwa mawazo yake. Hata hivyo zikiri ni kumtaja Mwenyezi Mungu. Kuihamishia kwa Wabudha kungewadhulumu wenye nayo, na kungewatatiza Wakristo walio wengi Fizi. Inachofundisha ni mbinu: kuanza na mwili na kumbukumbu, na kutomwacha mwanafunzi peke yake.

Kwa hiyo wafasiri hawana budi kuliachia neno tafakuri njia ya Tsongkhapa na zinazofanana nayo, na kwingineko kuchagua kati ya kutulia, kukaa, kuangalia na kukumbuka kwa kadiri ya madhehebu. Kwa wanafunzi wa isimu na fasihi ipo kazi ya kukusanya maneno ambayo wasemaji wa Fizi na Baraka, kwa Kiswahili na kwa Kibembe, huyatumia kumweleza mtu ambaye mawazo yamemwachilia. Maneno hayo ndiyo yenye haki ya kutangulia katika sentensi ya kwanza ya mwalimu.