Sikukuu za Jiji na Lugha ya Umma: Uhakiki wa Maadhimisho ya Nairobi

Kiswahili kina maneno kadhaa ya kutajia siku ambayo watu hukusanyika kila mwaka kwa jambo moja, na maneno hayo hayana maana moja. Tamasha, neno lenye asili ya Kiajemi, hubeba dhana ya kutazama: wako watendaji, na wako watazamaji. Maadhimisho hutokana na kuadhimisha, yaani kukifanya kitu kiwe adhimu. Wako wanaotukuza, na yuko au kiko kinachotukuzwa. Sikukuu haina mgawanyo huo. Ni siku iliyo kuu kwa kila aliyeifikia, mwenyeji na mgeni, mkubwa na mdogo. Makala haya yanazichunguza siku kuu za jiji la Nairobi kwa kutumia mizani ya maneno hayo matatu, na yanauliza swali moja: katika siku hizo Kiswahili kimepewa kazi gani, na kimenyimwa ipi?

Kigezo cha kupimia kipo katika jadi ya Waswahili wenyewe. Huko Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, Mwaka Kogwa huadhimishwa kila Julai. Wanaume hupigana kwa migomba, kibanda huchomwa moto, na wanawake hupita wakiimba, wakitaniana na kusutana kwa nyimbo. Jambo la kuzingatiwa na mhakiki si migomba wala moto, bali ni mpangilio wa usemi. Hakuna jukwaa linalomtenga msemaji na msikilizaji. Anayesutwa leo ana haki ya kujibu papo hapo, kwa lugha ileile aliyosutiwa. Hiyo ndiyo sikukuu kwa maana yake kamili: umma ndio mtendaji, na lugha ya umma ndiyo lugha ya shughuli nzima, tangu mwanzo hadi mwisho.

Siku za taifa jijini Nairobi zimejengwa kwa mpangilio mwingine. Katika Madaraka, Juni 1, Mashujaa, Oktoba 20, na Jamhuri, Desemba 12, kiini cha shughuli ni hotuba ya Rais. Katika miaka ya karibuni maadhimisho haya yamekuwa yakizungushwa katika kaunti mbalimbali, lakini muundo wake ni uleule uliokomaa jijini. Hotuba hiyo ina sehemu mbili, na desturi hii imezoeleka mno hata haizui swali. Sehemu ya kwanza husomwa katika karatasi, kwa Kiingereza: humo mna takwimu, sera, ahadi za bajeti na salamu kwa mabalozi. Kisha karatasi huwekwa kando, na Rais huwageukia wananchi kwa Kiswahili. Sasa huja mizaha, mafumbo, vitisho kwa wapinzani na maelezo ya yale yaliyokwisha kusomwa. Uwanja uliokuwa kimya huamka.

Wako wanaoshangilia jambo hili kama ushahidi wa nguvu ya Kiswahili. Hapana shaka nguvu ipo. Rais anayetaka kusikika na umma hana budi kukitumia. Hata hivyo, yafaa kutazama kinachobaki baada ya viti kuondolewa. Karatasi ya Kiingereza huhifadhiwa, hunukuliwa na wachumi, na hutajwa bungeni. Maneno ya Kiswahili hayakuandikwa kabla ya kusemwa, na aghalabu hayaandikwi kwa ukamilifu baada yake. Ahadi iliyotolewa kwa Kiingereza ni hati; ahadi iliyotolewa kwa Kiswahili ni kumbukumbu ya masikio. Kwa hiyo mgawanyo huu haufikii katika mtindo tu. Unamwezesha mtawala kuwaambia mabalozi jambo moja na makabwela jambo jingine, katika uwanja mmoja na katika saa moja, na unawanyima makabwela maandishi ya kumdai nayo. Katiba ya 2010, katika kifungu chake cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sawasawa na Kiingereza. Katika siku za taifa, Kiswahili kinatumika kama lugha ya taifa, lakini urasmi wake husahauliwa uwanjani.

Hali hii ina historia, na sehemu ya historia hiyo inaonekana katika jengo la Kenya National Theatre, lililo jirani na Chuo Kikuu cha Nairobi. Jengo hilo lilifunguliwa 1952, mwaka uleule ambao serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari, Oktoba 20. Wakati Waafrika walipokuwa wakisombwa kupelekwa vizuizini, walowezi walikuwa wamepata nyumba ya kuchezea tamthilia zao. Uhuru ulipokuja, jina la taifa lililokuwa mlangoni halikubadilisha kwa upesi kilichokuwa ndani. Oktoba 1976, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo, The Trial of Dedan Kimathi, uliochezwa humo katika maandalizi ya tamasha la FESTAC la Lagos la 1977, ulilazimika kugombea siku na michezo ya kigeni. Mchezo huo uliandikwa kwa Kiingereza; ulipotolewa kwa Kiswahili uliitwa Mzalendo Kimathi. Mwanzoni mwa 1982, wanakijiji na wafanyakazi wa Kamĩrĩĩthũ waliotaka kuuonyesha Maitũ Njugĩra jukwaani humo hawakupewa kibali, na milango ikafungwa. Kilichotisha si maudhui peke yake. Katika michezo ya Kamĩrĩĩthũ, waigizaji na hadhira walikuwa watu wa namna moja, wakisema lugha moja. Yaani tamasha lilikuwa linaelekea kugeuka sikukuu. Jengo hilo lilikarabatiwa na kufunguliwa upya 2015, na Mei 2022 Ngaahika Ndeenda, mchezo uliopigwa marufuku 1977, ulichezwa humo kwa Gĩkũyũ na kwa Kiingereza. Hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini linaonyesha pia kwamba ukumbi wa taifa unaweza kupatanisha lugha ya jamii moja na Kiingereza, na lugha ya taifa isiwe na nafasi kati yake.

Huenda ikajibiwa kwamba Kiswahili sasa kina siku yake. Ni kweli. Novemba 2021 UNESCO iliitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, nacho kikawa lugha ya kwanza ya Kiafrika kupewa heshima hiyo. Tangu 2022 siku hiyo huadhimishwa kwa makongamano, maonyesho ya vitabu, ngonjera na hotuba. Tarehe yenyewe haikuokotwa. TANU iliundwa Julai 7, 1954, na Kiswahili kilikuwa chombo chake cha kuwaunganisha watu wasio na lugha moja ya nyumbani. Huko Tanzania siku hiyo ilipata jina la Sabasaba.

Jijini Nairobi, hata hivyo, tarehe hiyo ilikuwa imekwisha kupata jina lilelile kwa njia nyingine. Mwaka 1990 Kenneth Matiba na Charles Rubia waliitisha mkutano katika uwanja wa Kamukunji, Julai 7, kudai vyama vingi. Wote wawili waliwekwa kizuizini kabla ya siku hiyo kufika, lakini watu walikwenda, wakakutana na polisi, na baadhi yao wakauawa. Desemba 1991 kifungu cha 2A cha katiba ya wakati huo, kilichoruhusu chama kimoja tu, kilifutwa. Tangu hapo Sabasaba imekuwa siku ya kumbukumbu ambayo hakuna wizara iliyoitangaza. Julai 7, 2025, miaka 35 baadaye, barabara za kuingia katikati ya jiji zilifungwa na polisi, na Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilihesabu vifo zaidi ya 30 nchini katika maandamano ya siku hiyo.

Kwa hiyo Nairobi ina Julai 7 mbili. Moja ina mada, wasemaji wakuu na vyeti. Nyingine ina jina la Kiswahili lililotungwa na umma, mabango ya Kiswahili, Kiingereza na Sheng, na wafu wa kukumbukwa. Hazijuani. Kinaya chake ni kwamba ile ya pili ndiyo iliyo karibu zaidi na sababu iliyoifanya tarehe hiyo iteuliwe: Kiswahili kama lugha ya watu wanaodai haki yao. Kuadhimisha lugha ya ukombozi ukumbini, huku wanaoitumia kwa kazi hiyo wako nje ya mlango, ni kukitukuza Kiswahili kwa kukitenga na wenyewe.

Pingamizi moja lastahili kujibiwa. Baadhi ya wataalamu watasema kwamba lugha ya barabarani si sanifu, na kwamba wajibu wa idara za lugha ni kulinda usanifu. Wajibu huo haukanushwi. Lakini usanifu ni kazi inayofanywa juu ya lugha hai, wala si ukuta wa kujikinga nayo. Mtaalamu asiyesikiliza wimbo wa maandamano hawezi kueleza jinsi Kiswahili cha Nairobi kinavyojenga taswira, kinavyofupisha, kinavyosuta. Nyimbo za wanawake wa Makunduchi hukusanywa na kuchambuliwa kwa sababu zimekubaliwa kuwa jadi. Za Nairobi zinapotea kila mwaka kwa kuwa bado hazijaitwa hivyo.

Mambo mawili yanawezekana bila ya kungoja amri kutoka juu. Kwanza, hotuba za Kiswahili za siku za taifa, zile zisizo na karatasi, zinukuliwe neno kwa neno na idara za Kiswahili za vyuo vikuu, zichapishwe, na zilinganishwe na maandishi ya Kiingereza ya siku zilezile. Kazi hiyo itakuwa na manufaa kwa isimu, na itakuwa na manufaa makubwa zaidi kwa raia. Pili, Julai 7 itumiwe kukusanya fasihi simulizi ya jiji, ikiwemo ile ya Sabasaba, kwa uangalifu unaowalinda wasemaji wake. Ngonjera za ukumbini zitaendelea, na hazina dhambi. Ila lugha ambayo kauli zake nzito hazina maandishi itazidi kushangiliwa uwanjani na kusahauliwa katika majalada, na watakaopoteza kwanza ni wale wasio na lugha nyingine ya kudai.