Bamba Gumu na Mfupa Usiounga: Uhakiki wa Modeli za Kompyuta za Mivunjiko ya Mkono wa Juu

Makala za modeli za kompyuta kuhusu ufungaji wa mivunjiko ya mfupa wa mkono wa juu zimekuwa na sura inayokaribia kuwa moja. Mfupa hupigwa picha za CT, picha zikageuzwa umbo la pande tatu, umbo likagawanywa katika maelfu ya vipande vidogo. Kisha bamba na skrubu zikaongezwa, nguvu ikawekwa, na rangi zikaonyesha mahali mkazo ulipojikusanya. Mbinu hii iliingia katika tiba ya mifupa mwaka 1972 kupitia kazi ya Brekelmans na wenzake, na manufaa yake hayana ubishi: mabamba mawili yanaweza kupimwa juu ya mfupa uleule, ukiwa na mvunjiko uleule, jambo lisilowezekana kwa mgonjwa.

Tatizo linaanzia kwenye neno “bora”. Katika makala nyingi za aina hii, bamba bora ni lile linaloruhusu msogeo mdogo zaidi. Lakini ugumu wa bamba hauungi mfupa. Nadharia ya Stephan Perren imekwisha kueleza kwamba tishu iliyo katika ufa huvumilia kiwango fulani tu cha kuvutwa: msogeo ukizidi, mfupa mpya haujengeki, ukikosekana kabisa pale ambapo ufa umebaki wazi, kichocheo cha ujenzi nacho hupungua. Ugumu wa chuma cha pua hukaribia gigapaskali 200, wa aloi ya titani takriban 110, na wa ganda la mfupa chini kidogo ya 20. Kwa kigezo cha ugumu pekee chuma cha pua kingeshinda kila shindano. Hata hivyo, kwenye mivunjiko iliyosagika, madaktari wa upasuaji huchagua bamba refu na kuacha matundu yaliyo karibu na ufa bila skrubu, kwa makusudi, ili kulegeza muundo.

Dosari nzito zaidi imefichwa katika sehemu ya mbinu, ambayo washauri wa sera huiruka. Modeli nyingi hugandisha skrubu kwenye mfupa kana kwamba ni kitu kimoja. Modeli ya namna hiyo haiwezi kuonyesha skrubu ikilegea, kwa kuwa imekatazwa tangu mwanzo. Uimara unaotangazwa mwishoni ni dhana ya mwanzo iliyorudi ikiwa imevaa takwimu. Mzigo nao huwekwa mara moja, katika mkao mmoja. Vipimo vilivyochukuliwa Berlin kwa viungo bandia vyenye vihisio vilionyesha kwamba nguvu ndani ya bega inaweza kuzidi uzito wa mwili katika shughuli za kawaida, nazo hurudiwa kila siku kwa wiki nyingi huku mfupa dhaifu ukichimbika taratibu kuzunguka skrubu.

Lipo pia swali ambalo modeli hizi haziulizi kabisa. Jaribio la PROFHER la Uingereza, lililochapishwa mwaka 2015 likiwa na wagonjwa 250 wenye mivunjiko iliyohama karibu na bega, halikuona tofauti ya maana katika miaka 2 kati ya waliopasuliwa na wasiopasuliwa. Wagonjwa waliokuwa na sababu ya wazi ya kupasuliwa hawakuhusishwa, hivyo matokeo hayo hayafuti upasuaji. Lakini yanaliweka swali la bamba lipi nyuma ya swali la kama bamba linahitajika. Modeli hulinganisha bamba na bamba, si bamba na kitambaa cha kuning’inizia mkono.

Kamati ya ununuzi inayoletewa ramani hizo za rangi ina haki ya kudai mambo matatu kabla ya kuzitia katika zabuni: majaribio ya maabara yaliyothibitisha modeli, mgusano wa skrubu na mfupa unaoruhusu kulegea, na mifupa ya wiani tofauti. Modeli iliyojengwa kwa mfupa mmoja wa kijana mwenye afya haijasema lolote kuhusu bibi wa miaka 70, ambaye huanguka akiwa amesimama tu na kuvunjika hapo hapo chini ya bega.