Pongezi kwa Mafundi wa Motokari wa Butembo

Wastahiki shukrani na taadhima mafundi wa mji wa Butembo, ambao huletewa gari kuukuu zilizopanda milima ya Vuhovi miaka na miaka, katika matope na vumbi, nao, kabla ya kufungua parafujo moja, husikiliza kwanza. Fundi hutaka injini iwashwe alfajiri, ingali baridi, kwa kuwa mnyororo wa injini unaoendesha vali, ukilegea, aghalabu hugongagonga sekunde chache za mwanzo, mpaka mafuta ya injini yapande na kukisukuma kikazio chake. Kisha huweka ncha ya bisibisi juu ya kifuniko cha mnyororo, na mpini sikioni, akaipambanua sauti hiyo na ile ya vali, au ya pampu ya maji, ambayo mara nyingi hunyamaza ukanda wa nje uvuliwapo. Ilimu hii ni amana kubwa, maana mnyororo ukiruka meno, vali na pistoni huweza kugongana, na mali ya mtu ikaangamia. Namtukuza hasa yule asemaye kweli, “Mafuta tu yamepungua,” ilhali angeweza kudai ujira wa kufungua injini nzima. Basi, ewe mwenye gari, usimharakishe fundi. Mwachie gari usiku kucha, apate kuisikiliza asubuhi ikiwa baridi.